Simu Iliyovuma Jumamosi

Wazazi wenzangu, simu ya nyumbani ikianza kuvuma, usikubali tu kuambiwa ni friji. Mimi nilikubali miezi mitatu, na aliyeniambia ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Binti yangu alimkimbia mume wake baada ya kuvunjwa mbavu mbili. Alikokwenda nilijua mimi peke yangu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alinipigia kwa simu ya dukani, leo duka hili, wiki ijayo lile. Namba ya kumpigia sikuwa nayo, yeye ndiye aliyenitafuta. Nilikuwa nakaa karibu na simu tangu saa tatu, hata chai inapoa.

Mdogo wangu alikuwa anaishi chumba cha uani. Ni fundi umeme, mtaa mzima unamwita Volti. Ndiye mjomba aliyembeba binti yangu mgongoni tangu hajaota meno.

Basi simu ikaanza zzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na sauti ya mtoto ikawa inafifia. Nikamwita.

"Volti, hebu njoo usikilize."

Akaweka sikio. "Dada, hii friji ipo karibu mno na simu."

Tukaihamisha friji. Jumamosi iliyofuata, zzzz. Akasema basi ni taa ndefu ya sebuleni, nikaizima. Akasema televisheni, nikaichomoa. Ikawa kila Jumamosi nyumba yangu imechomolewa kila kitu utadhani tunahama.

"Dada nawe, simu yenyewe rika langu," akanitania. "Hata mimi sikio moja linavuma."

Nikacheka. Mpaka leo kinachoniuma ni kwamba nilicheka.

Kuna jambo sikulitilia maanani. Nikiongea na jirani katikati ya wiki, simu ilivuma kidogo tu. Mvumo ulizidi Jumamosi saa nne, akipiga binti yangu.

Alhamisi moja, Volti akiwa kazini, nikaita fundi wa simu. Alikuja mama mtu mzima na mkoba wake begani. Hata ndani hakuingia kwanza. Alifungua kisanduku cha nje, pale laini inapoingilia nyumba, akachomeka simu yake mwenyewe.

"Sikiliza, mama."

Kimya safi.

"Laini ni nzima. Ugonjwa upo ndani kwako. Una simu ngapi?"

"Moja."

"Mbona hapa zimetoka waya mbili?"

Tukaufuata ule wa pili. Ulipita nyuma ya kabati, ukatoboa ukuta, ukaingia kwenye kifuniko cha plastiki kilichofunika waya wa umeme unaokwenda uani. Fundi akakibandua.

"Aliyefanya hivi alitaka usionekane," akasema. "Kaulaza na waya wa umeme, ndiyo maana unavuma. Na akinyanyua simu yake huko, mvumo unapanda na sauti yako inapungua, maana mnagawana."

Nikachukua ufunguo wa akiba. Chini ya kitanda cha mdogo wangu, ndani ya boksi la viatu, palikuwa na simu. Pale pa kuongelea alikuwa amesokomeza pamba, nisisikie pumzi zake.

Nikakaa kwenye kitanda chake.

"Nikate?" fundi akauliza.

"Usikate. Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

Ningepiga kelele siku ile, Volti angekimbilia kwa mkwe wangu, na mtoto yuko mbali, namba ya kumwonya sina. Ilibidi ningoje apige mwenyewe. Siku mbili nilimpikia mdogo wangu, nikampakulia, akaniambia chumvi imezidi. Nikamwomba radhi.

Jumamosi saa nne simu ikalia. Nikanyanyua. Nikahesabu mpaka tatu, mvumo ukapanda.

"Mama, shikamoo. Unajua leo—"

"Nyamaza, mwanangu. Mjomba wako anasikiliza. Ana simu chini ya kitanda. Hama leo hii, na usiniambie unakwenda wapi. Na wewe Volti, weka chini."

Halafu kukalia *ka!* na mvumo ukashuka.

"Mjomba?" binti yangu akasema. "Mjomba huyu wetu?"

"Huyo huyo. Nenda."

Volti nilimkuta mlangoni kwake, kandambili mguu mmoja.

"Dada, mume wake alilia mbele yangu. Mwanaume mzima. Nilitaka wapatane tu."

"Na mtoto alipokuwa anashindwa kupumua kwa mbavu, hukumsikia akilia? Masikio yako si marefu?"

"Dada..."

"Umeshamwambia?"

Akaangalia chini, anatafuta kandambili ya pili. "Mtaa tu. Nyumba sikumtajia."

Aliondoka siku hiyo na begi lake la vyombo vya kazi. Mkwe wangu alifika mtaa ule Jumatatu, akagonga mlango kwa mlango mpaka akakipata chumba. Alikuta godoro tupu.

Kwa hiyo nawaambieni, simu ikivuma chomeka nyingine kwenye kisanduku cha nje. Ikiwa huko ni kimya, hesabu waya zinazoingia ndani, kisha hesabu simu zako. Na ufanye hivyo mwenyewe, usimtume mtu, hata mliyenyonya naye ziwa moja.

Fundi alikata ule waya. Binti yangu bado anapiga, ila siku hazijulikani tena. Ananiambia amekula, amelala vizuri, basi. Nikitaka kumuuliza alipo nauma ulimi, kwa sababu sijui tena nani yupo ukutani. Sauti yake inakuja safi kabisa, kama ameketi chumba cha pili. Alipo sipajui.