Mstari wa Mukhwana

Ayuma hakulia mumewe alipozikwa, na watu wa Khayega hawana dogo, walisema. Wacha waseme! Tangu hapo alikuwa akila, akioga, akifika ofisini mjini Kakamega, na ndani mwake ganzi tupu.

Sasa alipewa kazi ya kuiua programu ya marehemu. Samahani, bosi wao Eugene alisema "kuiandika upya." Mukhwana ndiye aliyeandika, kwa lugha ya C, programu inayolinda joto katika mashine zao za kuangulia vifaranga. Mara mojamoja joto lilipanda lenyewe na mayai yakaivia ndani. Mukhwana akashikilia kwamba ni stima, umeme unaopandapanda. Ayuma alimtetea kwa udi na uvumba, hata Navalayo, mteja aliyeharibikiwa na mayai, alifokewa kwenye simu: "Mume wangu hakosei!"

"Tunahamia Rust," Eugene alisema. "Hata kampuni kubwa zinahamia. Lugha hiyo haikubali uzembe wa memori."

Ayuma akahamisha mstari baada ya mstari, kama anayekunja nguo za marehemu. Alipofika penye kipimajoto, kompaila, ile inayokagua msimbo kabla haujaendeshwa, ikagoma. Akasoma ujumbe: sehemu hii ya memori umeshaiachilia, halafu unaisoma tena. Yaani mashine ilikuwa ikisoma joto mahali palipokwisha kuachwa, penye takataka zozote zile. Akafungua programu ya zamani. Ni vilevile, kazi ya Mukhwana mwenyewe. Haikuwa stima hata kidogo.

Alingoja uchungu uje. Haukuja. Akampigia Navalayo.

"Mulembe, Mama. Ni Ayuma, wa mashine. Yale mayai yako, haikuwa stima. Ni sisi. Nisamehe vile nilikufokea."

"Eh, mwanangu, hiyo nilijua kitambo! Mukhwana alikuja hapa mwenyewe, na ingokho, kuku wawili wazima, kwapani. Akasema kosa ni lake, ila amelitafuta mpaka amechoka, halioni. Akanisihi nisikuambie. Ati, 'Ayuma ananiamini sana, Mama. Nitamwangaliaje?'"

Ayuma akakata simu bila kuaga. Muda wote huo, meza moja, kitanda kimoja, mtu huyo alikuwa akihangaika peke yake, na mke fundi wa kazi ileile amelala kando yake! Hasira ikampanda.

"Mjinga wewe!" akasema, ofisi nzima ikageuka. "Si ungeniambia tu, tulitafute wawili?"