Gari Lenye Pua Baridi
...na imelia tena, hiyo kengele ya gari, ti ti ti kama kifaranga aliyepotea, na yale maandishi ya njano yamerudi kwenye kioo, rada ya mbele imezibwa, kana kwamba Ragnfrid haoni mwenyewe kuwa uwanda wote wa mlimani wa Hardangervidda umezibwa, kizuizi cha barabara kimeshushwa mbele yake na foleni inasubiri gari la kusafisha theluji liwaongoze kuvuka mlima, na ameshashuka mara mbili kuipangusa pua ya gari, ilipo hiyo rada, kwa kitambaa, akirudi kukaa tu, theluji mbichi inaganda upya... "Hili la umeme halina injini ya kupasha pua joto," anasema Asbjørn, mumewe, mguu wake wenye plasta umenyooshwa hadi kwenye dashibodi, "la zamani lilijiyeyushia lenyewe," na anatafuna andazi la waffle, jibini la kahawia limemganda kwenye ndevu, mtu mzima anavunjika mguu akimkimbiza kondoo halafu anatoa darasa la umeme, "theluji kavu rada inapenya, mama, hii ya majimaji ndiyo inayoipofusha," haya, asante profesa, lakini nani ataendesha, maana miaka yote mlimani anaendesha Asbjørn, na Ragnfrid akishika usukani ni mjini, gari likijipimia lenyewe nafasi na la mbele, likijifungia breki, yeye ameweka mikono tu kama abiria, na leo binti yao Synnøve anambatizisha mtoto ng'ambo ya mlima, mjukuu wa kwanza, na bibi ndiye wa kumbeba kanisani... kioo kinagongwa, kijana wa barabara anayepanga msafara, nyusi nyeupe kwa barafu, "Mama, huko juu kwenye tufani huoni kitu zaidi ya taa za aliye mbele, mwenye wasiwasi ageuze sasa," na Asbjørn anamtazama mkewe, kwa mara ya kwanza hatafuni, "Tugeuze? Synnøve ataelewa," ataelewa, ndiyo, ataelewa huku analia, ni taa tu za aliye mbele, taa... baba yake alikuwa na gari bovu lisilo na hita, alimpeleka juu ya ziwa lililoganda, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, wakakwangua tundu kwenye kioo kwa kijiko, naye babu mmoja mbele yao akiburuta kuni kwa trekta, baba akamwachia usukani, "Ifuate taa yake, ikikua kubwa punguza, ikififia ongeza, basi," gari likaserereka likazunguka kama pia, baba akacheka mpaka kofia ikamdondoka, naye akacheka, akalinyoosha, akaendesha mpaka ufukweni, jamani, aliendesha!... "Hatugeuzi," anamwambia kijana. "Sawa mama, kaeni tayari, bado kidogo." "Una hakika?" anauliza Asbjørn. "Wewe futa ndevu, unaenda kanisani," na anaizima ile kengele, anasogeza kiti mbele, mikono inashika usukani, inaushika kwelikweli, kizuizi bado kimelala, theluji bado inamwagika, rada haioni hata ncha ya pua yake, na Ragnfrid anazikodolea macho zile taa mbili nyekundu za mbele, anajikuta anatabasamu peke yake, na kumbe anachotaka sasa ni kwamba hiki kizuizi kinyanyuke, kinyanyuke upesi...