Ufa Nyuma ya Nyavu

Mina Swanson alitundika wavu wa tatu juu ya ufa wa ukuta darini mwake, chini ya paa, akarudi nyuma kuutazama. Upande wa kushoto bado ulionekana. Akaongeza wa nne, haraka haraka, kana kwamba anaiba.

Kuiba ni nini, basi? Ukuta ulikuwa wake. Wake na wa jirani yake Jessie Bain, maana waliobuni mji huu wa bandari, Pulteneytown, waliuchora wote kwa rula kabla hajaja mvuvi hata mmoja, wakazipanga nyumba za mawe ubavu kwa ubavu, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Jirani akikaanga kitunguu, unameza mate wewe. Na sasa halmashauri imesema ukuta mmoja ukikutwa umeoza, safu nzima itabomolewa, na watu wahamie nyumba mpya kule mlimani. Mkaguzi alikuwa anakuja saa nne.

Jessie alipanda ngazi bila kubisha, aproni imelowa.

"Umeuziba."

"Nimetundika nyavu za watu. Boti ya kina Gunn inazitaka Jumatatu."

"Mwezi mzima zilikuwa ukuta ule mwingine, dada Mina." Jessie alikaa juu ya sanduku. "Binti yangu Ina hajalala siku ya tisa leo. Godoro la mtoto nikilikamua linatoa maji. Kikohozi chake unakisikia, usiniambie husikii."

"Mpeleke kwa mama yako akapate hewa kavu."

"Mama yangu amekufa. Wewe ndiye uliyemwosha."

Mina aliona haya hadi masikioni. Alikuwa amesahau kabisa. Hofu ilikuwa imemla akili. Jessie hakumgombeza. Alishuka taratibu, na hilo lilimuuma Mina kuliko tusi.

Lakini afanyeje? Tangu bahari imchukue mumewe Donald, miaka kumi na minne sasa, dari hii, alikowashonea wavuvi nyavu zao, ndiyo iliyomlisha. Nyavu za samaki wa heringi ni ndefu. Zinataka pa kutandazwa, pa kuning'inia, na dirisha la kutoa mwanga. Nyumba za mlimani alikuwa amekwenda kuzichungulia. Nzuri, nyeupe, za ghorofa moja, na mapaa ya kumgonga mtu kichwa.

Mkaguzi alifika saa nne na dakika tano. Kumbe ni Alasdair Manson, yule mtoto wa fundi mapipa, sasa mtu mzima mwenye tai na kalamu sikioni.

"Bi Mina, hujazeeka hata kidogo."

"Mwongo mkubwa. Pita, ufute viatu."

Aligonga kuta za chini, akaandika. Akagonga za kati, akaandika. Kila alipogonga, moyo wa Mina uligonga naye. Mwishowe wakapanda darini, na Alasdair akasimama mbele ya zile nyavu nne, mikono ameikunja mgongoni.

"Zinakwenda baharini lini?"

"Jumatatu."

"Basi sizigusi." Akacheka kidogo. "Mgeni akigusa wavu kabla ya msimu boti hairudi na kitu. Mama angefufuka anichape."

Mina alikuwa akiitegemea mila hiyo tangu alfajiri. Alidhani angeshukuru. Badala yake alitazama sakafu.

"Kwa hiyo nitaandika utakaloniambia wewe," Alasdair alisema, kalamu tayari. "Huko nyuma ukuta ni mzima?"

Upande wa pili Ina akaanza kukohoa. Kikohozi kilipita nyuma ya nyavu kama mtoto yumo humu humu darini, kikaendelea, kikakatika, na Jessie akasikika akisema, "Pumua, mama, pumua kidogo tu."

Alasdair aliinua uso. Akazitazama tena zile nyavu.

Sema ni mzima, Mina alijiambia. Neno moja tu, na Jumatatu watu wa boti wanakuja kama kawaida. Lakini akaenda ukutani, akazing'oa nyavu moja moja kutoka kwenye misumari na kuzilaza mikononi. Wa mwisho ulinasa ukachanika.

Ufa ulikuwa umeshuka kutoka kwenye paa hadi sakafuni, mweusi, wenye maji. Alasdair aliingiza kidole hadi kiungo cha pili. Akaandika kwa muda mrefu.

"Pole, Bi Mina. Watahamisha kila mtu kabla ya baridi."

"Hizo nyumba mpya," Mina aliuliza, ingawa alijua, "zina dari?"

"Hazina." Alitafuta neno la kumfariji. "Ila zina bafu. Maji ya moto ndani ya nyumba."

"Bafu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nitaoga nini mimi, mwanangu, nikiwa sina kazi ya kunichafua?"

Alasdair alishuka, na muda mfupi baadaye Mina akasikia, wazi kabisa kupitia ufa, mlango wa Jessie ukifunguliwa na kiti kikivutwa kwa ajili ya mgeni. Akaketi chini, akauweka wavu uliochanika magotini, akaanza kutafuta mwanzo wa uzi.