Peasi Zilizokatwa Vichwa

Simu haikukatwa. Hilo ndilo lililoanzisha yote.

Jumapili ile, kama Jumapili zote, Jeong-nim alikuwa amemaliza kuzungumza na mama yake kwa video. Mama, ambaye wenzake kule nyumba ya wazee ya Yeongju walimwita Bibi Eom, alikuwa ameshapunga mkono na kusema, "Haya, funga, chaji inakwisha," maneno anayoyasema hata simu ikiwa imejaa. Jeong-nim akailaza simu juu ya meza ya duka lake, kati ya bakuli la figili na bakuli la dagaa wa kukaanga, akageuka kumpimia mteja vitoweo. Ndipo akaisikia sauti ya Dada Heo, yule mhudumu aliyekuwa akimshikia mama yake simu.

"Ficha, Bibi, ficha! Bado anaangalia."

Kisha kioo kikawa cheusi.

Jeong-nim alibaki na kijiko hewani. Mteja akamwambia, "Mama Bo-mi, hao dagaa unanipa au unaniringishia?" Akampa, lakini hata hakujua amempa kiasi gani.

Kuanzia hapo akaanza kuzirudisha Jumapili zote akilini, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mbona Dada Heo huishika simu karibu hivyo, hata Mama haonekani ila pua na nyusi? Mbona Mama akiulizwa jambo dogo tu, kama amelala vizuri, kwanza huangalia pembeni, kule aliko mhudumu, ndipo hujibu? Na ile sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, iliyopita siku moja kwenye ukingo wa picha na kutoweka upesi, ilikuwa na nini?

Halafu vifurushi. Tangu majani yaanze kuanguka, Mama alikuwa amegeuka mtu wa kuagiza. Leo peasi, tena kubwa, zisiwe na alama. Wiki nyingine kunazi zilizokaushwa. Wiki nyingine samaki mkavu mzima na kichwa chake, mwanamke ambaye mkate tu huulowesha kwenye chai! Na mboga zake, akasema, zipikwe bila pilipili wala kitunguu saumu. Mama huyo huyo aliyewahi kumrudishia mama mkwe wake kimchi, kabichi ya kuchachua, kwa sababu haikuwasha.

"Ulikula peasi?" Jeong-nim alikuwa akimuuliza.

"Nilikula. Tamu."

Na hapo pia palikuwa na walakini. Tangu lini Mama akala kitu kilicholetwa na bintiye akasema kitamu, asitafute kasoro?

Alimweleza jirani yake wa sokoni, mwanamke muuza tofu. Yule akafuta mikono kwenye aproni kama mtu aliyekuwa akisubiri habari hiyo mwaka mzima.

"Huyo Heo si ndiye yule wa kutoka Yanbian, kule Uchina?"

"Ndiye."

"Basi unauliza nini? Peasi zako zinaliwa na kwao. Mama yako anapewa maganda."

"Usiseme hivyo, mwenzangu. Yeye ndiye aliyeanzisha hizo simu. Kabla yake nilikuwa namsikia Mama kwa mwezi mara moja, tena mpaka nibembeleze."

"Ndiyo hivyo sasa. Mwizi mjanja anakuonyesha uso wa mama yako, ili usiangalie kabati."

Neno la kabati likamkaa Jeong-nim rohoni kama mwiba wa samaki.

Jumatano asubuhi alimpigia mkuu wa nyumba ile, Bwana Tak. Akasema bila kuzunguka kwamba vyakula vya mama yake vinaibwa, kwamba mama yake ametishwa mpaka anaficha mambo, na kwamba anataka Dada Heo aondolewe.

Bwana Tak akajibu, "Mama Bo-mi, kumwondoa mtu ni rahisi. Nikipata lalamiko la familia, hata kesho halali hapa. Lakini huyu akiondoka, Jumapili nani atapita kitanda kwa kitanda na hiyo simu? Wengine hapa hawajui hata kuifungua."

"Kwa hiyo mama yangu aibiwe ili wengine waongee?"

"Sikusema hivyo. Una hakika?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi njoo Jumapili tulizungumze, wote tukiwepo."

"Nitakuja Jumapili," akasema Jeong-nim, na papo hapo akalishusha pazia la duka, akavaa koti akaelekea stendi. Anayetaka kumfumania mtu haendi siku aliyoalikwa.

Njiani alikaa na mkoba magotini, akipanga maneno. Jambo moja tu lilimsumbua, nalo alilisukuma nyuma kila lilipokuja: kwamba Mama akimpoteza Heo bure, hatamsamehe. Mama alikuwa na watu wawili tu waliobaki wa kugombana nao, na mmoja wao ndiye huyo.

Alifika jua likiwa limeshashuka nyuma ya vilima vya mitufaha. Msichana wa mapokezi akainuka. "Shangazi, wageni ni kwa miadi."

"Mimi si mgeni, mimi ni mwanawe," akasema, na alipomaliza kusema alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Ghorofa ya juu milango yote ilikuwa imefungwa kwa sababu ya baridi. Mmoja tu ulikuwa wazi, umeachwa wazi kabisa, umewekewa kiatu chini usijifunge. Wa mama yake. Upepo wa varanda ulikuwa ukiingia mle kama kwake. Damu ikamchemka. Kizee wa miaka yote ile, wanamwachia baridi!

Akaingia.

Dada Heo alikuwa amepiga magoti sakafuni, kisu mkononi, na mdomoni ana kipande cha peasi. Mbele yake ilikuwa meza ndogo ya kitandani, imetandikwa karatasi nyeupe. Juu yake peasi zilizokatwa vichwa, kunazi, samaki mkavu na kichwa chake, mboga zake Jeong-nim mwenyewe. Na mbele ya vyote bakuli la wali, kijiko kimesimikwa katikati, kimesimama wima. Mama amekaa kitandani akilitazama.

Wali wa hivyo hawekewi mtu aliye hai.

"Mnamfanya nini mama yangu?" Sauti ilimtoka Jeong-nim ikiwa nyembamba. "Wewe! Unakula vyake, halafu unamwandalia wali wa maiti akiwa hai? Mwizi! Mchawi!"

Dada Heo alitaka kujibu, lakini peasi ilikuwa bado mdomoni. Jeong-nim akaugeukia mlango ausukume, watu wasisikie atakayoyasema.

"Funga mdomo," akasema Mama kutoka kitandani, "lakini huo mlango usiuguse."

"Mama, unaganda!"

"Nagandishwa na nani? Nimesema uache. Baba yako hajafika."

Ndipo Jeong-nim alipoiona picha, ndogo, imeegemezwa kwenye kikombe cha pombe ya mchele. Baba, na lile koti lake la sherehe lililombana kwapani.

Peasi na kunazi. Samaki mzima. Mboga bila pilipili wala kitunguu saumu, kwa kuwa hivyo huwafukuza wafu. Yeye, ambaye kazi yake ni kupika, ambaye kila mwaka watu wa mtaa mzima humwagiza vyakula vya tambiko, alivifunga vile vitu kwa mikono yake, wiki hadi wiki, akivihesabia mwizi tu.

"Lakini bado, Mama. Si ni wiki ijayo?"

"Wiki ijayo kwenye kalenda ya duka lako. Baba yako alikufa kwa mwezi wa angani, na mwezi haukungoji wewe."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie? Mwaka jana si nilikwambia? Ukasema, ndiyo Mama. Usiku nikakupigia, huyu Heo kanishikia simu. Nikakuuliza, baba yako amekula? Ukasema, amekula Mama, ameshiba, tumeshaondoa vyombo." Mama akainamia mbele. "Mimi nikaangalia nyuma yako. Mlango umefungwa, komeo limeshushwa. Nikajiuliza, huyu mzee kaingilia wapi? Kwenye bomba la choo?"

Usiku ule Jeong-nim alikuwa na oda ya harusi, alikuwa amelala kwenye kiti na aproni mwilini, na simu ndiyo iliyomwamsha, meza ya Baba haijaandaliwa.

"Unadhani hiyo simu ina jicho upande mmoja?" Mama akaendelea. "Kila Jumapili unanichungulia, Mama umekonda, Mama hiyo alama shingoni ni ya nini. Na mimi nakuchungulia. Mwaka mzima nakutazama."

"Nilimwambia akuambie, Mama Bo-mi," akasema Dada Heo, ambaye sasa alikuwa amemeza. "Akaniambia nikikwambia hataongea nami mpaka afe. Na kanuni za hapa haziruhusu chakula kukaa kabatini, ndiyo maana tunaficha. Udi hatukuwasha, kengele ya moto ingelia. Hivi vichwa vya peasi kanipa mwenyewe."

"Na mimi kaniahidi samaki," ikasema sauti kutoka kitanda cha pili. Ilikuwa ya Bibi Ma, mwenzake Mama wa chumbani, aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Huyo mumeo bado tu hajafika? Njaa inaniua. Alikuwa mzito hivyo hivyo akiwa hai?"

"Alikuwa anawahi penye chakula," akasema Mama. "Ni huyu binti kaingia na makelele, kamtisha."

Jeong-nim akavua viatu, ambavyo kwa hasira alikuwa ameingia navyo. "Mmeshasujudu?"

Mama na Dada Heo wakatazamana.

"Ndipo tulipokwama," akasema Mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua ukali. "Magoti yangu hayakunjiki. Nilimwomba Heo, akakataa."

"Si baba yangu," akasema Dada Heo. "Angefika akaniuliza, wewe nani? Ningemjibu nini? Kuandaa naandaa. Kusujudu ni kwa mwenye baba."

Jeong-nim akavua koti, akajipangusa mikono kwenye sketi, akasogea mbele ya meza. Alikuwa amepiga goti moja chini hatua zilipokuja mbio varandani, na Bwana Tak akasimama katikati ya mlango akihema.

"Mama Bo-mi! Tulisema Jumapili! Na hii baridi yote, na hivi vyakula, nani ameruhusu..."

"Bwana Tak," akasema Mama, "toka mlangoni. Umemzibia mtu."

Bwana Tak aliruka pembeni, akabana mgongo ukutani, mikono imeteremshwa, kama alivyofunzwa utotoni kwao. Muda ukapita kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mkuu wa pale. Hata alipokumbuka, hakurudi mlangoni.

Jeong-nim akasujudu mpaka paji la uso likagusa sakafu, akainuka, akasujudu tena. Sakafu ilinuka dawa. Upepo ukapita juu ya mgongo wake, ukazitikisa pembe za karatasi nyeupe, na Bibi Ma akasema, "Haya sasa," kisha akajinyamazia mwenyewe.

Walipongoja vya kutosha, Bwana Tak akakohoa. "Kuhusu lile lalamiko la asubuhi. Wizi, na vitisho. Niliandike, au?"

Dada Heo akageuza kichwa polepole. Ilionekana wazi kwamba habari hiyo ndiyo kwanza inamfikia. Akamtazama Jeong-nim, kisu bado mkononi, naye Jeong-nim akatamani yule aseme neno, atukane hata.

"Usiandike," akasema Jeong-nim. "Nilimsingizia. Nimemwita mwizi mtu aliyekuwa anafanya kazi yangu. Dada Heo, nisamehe."

Dada Heo alikipangusa kisu pande zote mbili, taratibu. Hakutabasamu. "Peasi za kula bado hazijamenywa," akasema, akamkabidhi kisu kwa mpini. "Mimi nimechoka. Menya wewe. Bibi Ma umkatie vidogo vidogo."

Akamenya. Walikula wote, hata Bwana Tak, akiwa amesimama, akisema kwamba kanuni ni kanuni na kwamba samaki yule ana ladha. Mama alitafuna kipande cha peasi kwa muda mrefu.

"Haina utamu," akasema. "Umedanganywa sokoni."

Moyo wa Jeong-nim ukatua.

Jumapili iliyofuata simu ikaita saa ile ile. Mara hii Dada Heo aliishika mbali, hata kitanda chote kikaonekana, na kidole gumba chake pembeni. Hakumsalimia Jeong-nim kwa maneno mengi, bado. Mama alikuwa amevaa miwani.

"Mama, umelalaje?"

"Kulala baadaye. Kwanza nionyeshe mlango."

"Mama, leo si siku ya Baba. Halafu mimi niko nyumbani peke yangu, nje kuna baridi."

"Nionyeshe tu."

Jeong-nim akainuka na simu, akapita jikoni, akafika mlangoni. Komeo lilikuwa chini. Akalipandisha, akaufungua mlango mpaka mwisho, akaielekeza simu kwenye korido tupu ya jengo.

"Umeona?"

"Nimeona. Ushikilie hapo hapo kwanza."

"Na wewe, Mama, nionyeshe kabati."

Kule Yeongju ikasikika sauti ya Mama, amegeuka pembeni, akinong'ona kama mtu asiyejua simu ina masikio.

"Heo. Ficha kwanza zile kunazi."