Ameuliza Chuma

Nilirudi kazini siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu. Wenzangu wakanipa pole, nikajibu nimeshapoa, nikavaa koti. Sikuwa na uchungu wala nafuu. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino, ikaenea mwili mzima.

Kazi yangu ni kuwaandaa wazee kabla hawajaingia kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za kichwa. Nawaambia itagonga kama mafundi bati, hawatachomwa wala kukatwa, na wakizidiwa wabinye kipira cha kuita msaada. Mwisho nauliza habari za chuma mwilini. Siku hiyo niliyasema yote kama kasuku.

Wa tatu alikuwa fundi cherehani mstaafu, aliyeanguka bafuni na tangu hapo kichwa kinamuuma. Alikuja na binti yake.

"Baba anasema ni jeneza."

"Nimesema linafanana nalo," mzee akadakia.

"Liko wazi pande zote mbili, babu. Mwanao atakaa miguuni pako, akushike."

"Huyu? Atanitekenya."

Binti akacheka. Mimi nikaendelea na fomu. "Una chuma mwilini? Betri ya moyo, skrubu, risasi?"

"Sina."

Nikaweka alama. Mtaalamu wa mashine akachungulia mlangoni. "Tayari?"

Mzee alikuwa anavua saa. Vidole vyake vilijaa makovu madogo. Nikauliza, wala si kwa huruma, "Babu, sindano ikikuvunjikia mkononi ulikuwa unafanyaje?"

"Naing'oa kwa meno."

"Zote?"

Akafikiri. "Moja ilikataa. Imo humu." Akagusa chini ya dole gumba. "Wakati huo huyu binti hajazaliwa."

"Baba! Si umeulizwa chuma?"

"Ameuliza chuma. Hii sindano."

Niliinuka, nikaufunga mlango wa chumba cha mashine. Nikaanza kumweleza upya, taratibu: sumaku ile haizimwi, ingeivuta sindano ndani ya nyama, pengine ikate mshipa. Mzee akaufumba mkono wake.

Eksirei ya mkono ilionyesha kipande kirefu kama punje ya mchele. Daktari akaagiza kichwa kipigwe picha kwa mashine isiyo na sumaku. Ikaonekana damu iliyovujia ndani, na mzee akaandikiwa kulazwa wodini atibiwe.

"Umeokoa mtu," mtaalamu akaniambia, "na msiba wako bado mbichi."

Nikasubiri nisikie kitu moyoni. Hakikuja.

Mzee, aliyekwisha kukalishwa kwenye kiti cha magurudumu apelekwe wodini, alikuwa amesikia. "Umefiwa na nani, mwanangu?"

"Mume."

"Pole sana. Mimi mama watoto alipofariki, nilishona suruali ishirini mfululizo. Hakuna hata moja iliyolingana miguu."

Binti akamsukuma. Sikucheka, wala sikulia.

Nikamwita aliyefuata, bibi mmoja mwenye fimbo. Nikaiweka fomu pembeni.

"Bibi, maisha yako yote umefanya kazi gani?"

Alieleza kwa muda mrefu. Sikumkatiza.