Mtihani wa Pili wa Bubu

Kampuni yetu iliponunua mabasi yanayojishikia usukani, madereva walishangilia utadhani wamepewa likizo. Mimi ndiye ninayewafundisha, nami sikushangilia. Basi hilo hukaa katikati ya mistari ya barabara lenyewe, hupunguza mwendo lenyewe, na likishindwa hupiga kengele na kumwachia dereva kila kitu papo hapo. Kwa hiyo dereva anatakiwa akae tayari kwa kazi ambayo huenda isije kutwa nzima. Niwaambie ukweli, hilo ni gumu kuliko kuendesha.

Asiyefaulu mtihani wangu hapewi basi jipya, na mabasi ya zamani yalikuwa yanauzwa. Kufeli ni kwenda nyumbani. Wa mwisho kupimwa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, ambaye gereji nzima humwita Bubu kwa sababu akishika usukani hafungui mdomo. Ukimsalimia njiani atakuitikia mkifika stendi. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa kunichapa vidole tu, bila maelezo. Asubuhi ile mama alinipigia simu.

"Mwanangu, mjomba wako hajawahi kugonga hata kuku."

"Najua, Mama."

"Haya. Usituaibishe."

Tulitoka na basi tupu mpaka barabara kuu, Mjomba akaliachia lijiendeshe. Alikaa wima, mikono kwenye usukani, macho mbele. Kamera ya kwenye dashibodi ilimwona mtu aliye macho, ikaridhika. Mimi sikuridhika. Nilimuuliza lori lililotupita sasa hivi lilikuwa limebeba nini.

Alifikiri kidogo. "Lori gani?"

Lilikuwa limejaa ng'ombe, tena lilitupita likipiga honi.

Kabla sijasema neno, kengele ililia. Mafundi wa barabara walikuwa wamefuta mistari ya zamani ili wachore mipya, na basi lilipokosa cha kufuata likaanza kuyafuata mapipa waliyoyapanga kuzuia njia. Mjomba alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilikanyaga breki ya upande wangu. Tulisimama pipa moja likiwa chini ya bampa, na fundi mmoja akitutukana sisi na ukoo wetu.

"Nilikuwa macho," Mjomba alisema.

"Ulikuwa macho, Mjomba. Akili ndiyo ilikuwa wapi?"

Aliitazama mikono yake. Miaka yote akili yake ilikaa mikononi, na mikono ilipokosa kazi, akili ikaenda kutembea. Nikamfelisha.

Jioni nilimkuta mama jikoni, anaosha vyombo kwa kelele. Hakugeuka.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwalimu," aliniambia.

Mama mzazi akikuamkia shikamoo, ujue umekwisha. Iliniuma, kwa sababu mjomba yule nampenda, na kwa sababu nilijua ningemfelisha tena vilevile.

Kampuni inaruhusu kurudia mara moja tu. Siku ya kurudia, kabla hatujawasha injini, nilimpa sharti.

"Leo utataja kwa sauti kila unachokiona. Ukinyamaza, umefeli."

"Niongee peke yangu kama kichaa?"

"Bora kichaa mwenye kazi."

Akawasha injini. Kisha akaondoa gari.

"Barabara," alisema. Kimya. "Barabara tena."

Nikakohoa.

"Pikipiki," akaendelea, sauti ikikwaruza kama geti lisilofunguliwa mara kwa mara. "Mwenyewe anaongea na simu. Mungu amsaidie. Yule mama mwenye ndoo anataka kuvuka, hajaamua. Sasa kaamua. Lori la mchanga, tairi la nyuma halina upepo. Wewe dereva wa lori, shuka ulitazame!"

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, hata msibani. Tulipofika juu ya mlima mdogo akainama mbele kidogo.

"Pale chini maji yamefunika barabara. Mistari haionekani. Nachukua mimi."

Akalichukua basi kutoka kwa basi lenyewe na kupunguza mwendo. Kengele ililia tulipokuwa tumeshafika kwenye maji, nayo haikuwa na habari mpya. Alipita polepole, gurudumu kwa gurudumu, bila kurusha tone kwa waliosimama pembeni.

Nilitaka kumwambia amefaulu, arudi stendi akachukue basi lake, nami nikamwambie mama.  Badala yake nikageukia dirishani.

"Maji yameisha," Mjomba alisema. "Mistari imerudi. Nyuma yetu gari dogo, lina haraka zake. Kando yangu mwalimu wa madereva, analia."

"Silii, Mjomba."

"Nasema ninachokiona."