Goti la Mwimbishaji

Goti la kushoto la Papa Bavon lilikuwa na mdomo. Usiku lilinung'unika, asubuhi lilipiga kelele, na tangu mwanawe François alipomkataza kukanyaga tena mawe ya maporomoko ya Wagenia, kule mtoni wanakotega samaki, halikunyamaza hata wakati wa kula. François hakuwa na ubaya, aliogopa tu baba asije akateleza. Mapenzi mengine, jamani, humfungia mtu nyumbani na kumnunulia kiti cha plastiki.

Basi mwimbishaji wa miaka yote, aliyewaongoza wavuvi kwa wimbo walipobeba miti ya kufungia mitego, akawa mtu wa kukaa mlangoni. Hacheki, hali, hagombani. Hilo la kutogombana ndilo lililomtisha mkewe, Mama Ursule, akampeleka kwa muuguzi Florentine.

"Papa, uko nalala muzuri? Uko nacheka?"

"Miye nilikuya na goti," akajibu Bavon. "Sikukuya na kicheko."

Florentine akatoa dawa ya kuchua, kisha akamvuta Ursule pembeni. "Mama, goti na roho biko mu nyumba moja. Moja ikilia, ingine hailale. Musimuache akae tu."

Ursule aliporudia maneno hayo nyumbani, François alisikia habari za dawa ya kuchua tu.

Maji ya mto yalipopungua, wavuvi wakapita mbele ya mlango na mti mkubwa mabegani, François akiwa katikati yao. Aliyeimbisha alikuwa Liévin, mpwa wa Bavon, naye aliimba mbio kama anayekimbiza mwizi. Wa mbele wakavuta, wa nyuma wakajikwaa, mti ukayumba juu ya kichwa cha François.

"Wee Liévin! Polepole! Unataka kuniulia mutoto?"

Bavon alikuwa amekwisha simama. Akauanza wimbo upya kwa sauti yake nzito, na miguu yote ikakanyaga pamoja. Mti ukatulia, ukateremka kuelekea mtoni, naye nyuma yake anachechemea, anaimba, anawatukana kila apumzikapo. Ursule akafuata na fimbo aliyoisahau mzee, analia na kucheka kwa furaha.

Jioni goti lilikuwa limevimba.

"Papa, si nilikuambia? Iko nauma?" akauliza François.

"Iko nauma sana," akasema Bavon, mdomo umejaa samaki. "Bon, kesho utabeba ile kiti yako mupaka ku mayi ya muto. Nitaimbisha nikiwa nimekaa."

Kulipokucha, François alitoka na kiti kichwani, baba yake nyuma akimgombeza kwamba anatembea mbio mno.